Ding Wenjiang, mwanajiolojia aliyeshuka kwenye mashimo ya bati ya Gejiu

Mtu akitoka Nyabiondo, teritwari ya Masisi, akielekea magharibi, anaingia Walikale, nchi ya misitu na ya kasiteriti. Vijana wengi wa Masisi wameshika njia hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wakati mashimo ya Bisie yalipoanza kujulikana. Huko wengine walichimba kwa nyundo na baramini, wengine walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni na kupita nayo msituni hadi Njingala kwenye barabara. Kasiteriti ni jiwe lenye bati ndani yake. Likishapita mikononi mwa wanegosiant na kwenye depo za Goma, linapanda meli na kwenda mbali, na mara nyingi mwisho wa safari ni Asia. China ndiyo inayeyusha bati nyingi kuliko nchi yoyote, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikinunua pia mchanga wa kasiteriti kutoka Kongo.

Huko China mji wa bati unaitwa Gejiu. Uko jimbo la Yunnan, kusini kabisa, si mbali na mpaka wa Vietnam. Mgeni anayefika leo anakuta ziwa katikati ya mji, maghorofa yamelizunguka pande zote, na milima imesimama nyuma yake. Jioni wazee wanatembea kando ya maji pamoja na wajukuu wao. Mgeni huyo anaweza kufikiri kwamba mji ulijengwa hapo kwa sababu ya ziwa, lakini ziwa lilikuja nyuma ya mji. Mwaka 1954 mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, shimo la asili lililokuwa likipitisha maji chini ya milima likaziba, na sehemu ya chini ya mji ikazama. Maji hayakuondoka. Wakaaji wakaliita Jinhu, yaani Ziwa la Dhahabu, na wakajenga kulizunguka. Mwaka 2008 serikali ya China iliiweka Gejiu katika orodha ya kwanza ya miji ambayo madini yake yamekwisha au yanakaribia kwisha. Viwanda vya kuyeyusha bati bado vinafanya kazi, ila sasa vinahitaji pia mchanga kutoka nchi nyingine.

Miaka 40 kabla ya ziwa hilo, mwezi wa pili 1914, alifika Gejiu kijana wa miaka 26 aliyetumwa na serikali ya Beijing kuangalia madini ya Yunnan. Jina lake Ding Wenjiang. Wachina wanamkumbuka kama mmoja wa waanzilishi wa jiolojia nchini mwao. Gejiu alikwenda kupima mawe, lakini aliandika pia juu ya watu waliokuwa wanayabeba, na maandishi hayo yanasomwa mpaka leo.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nne 1887 katika mji mdogo wa Huangqiao, jimbo la Jiangsu, mashariki mwa China, katika ukoo wenye mashamba na heshima. Wakati huo mtoto wa ukoo wa namna hiyo alikuwa na njia moja tu: kukariri vitabu vya wahenga, kufanya mitihani ya mfalme, na kupata cheo. Ding alikuwa na akili ya kufanya hivyo. Lakini China ilikuwa imeshindwa vita na Japani mwaka 1895, mataifa ya Ulaya yalikuwa yanakata vipande vya pwani yake, na vijana wengi walianza kujiuliza kama kukariri kunatosha. Mwaka 1902, akiwa na miaka 15, familia ilimruhusu kwenda Japani.

Japani alikuta wanafunzi wenzake Wachina wakizungumza siasa usiku na mchana bila kusoma sana. Mwaka 1904 yeye na rafiki zake wawili waliamua kwenda Uingereza, ambako walisikia kwamba maisha ni rahisi. Hesabu yao ilikuwa mbaya. Njiani, walipofika Penang, mfuko ulikuwa karibu mtupu. Walimwendea Kang Youwei, mwanasiasa mkubwa aliyekuwa uhamishoni, naye aliwapa pauni 10. Deni hilo lililipwa baadaye. Uingereza, daktari mmoja wa mji mdogo wa Spalding alimsaidia kuingia shule ya sekondari, akakaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye na kujifunza Kiingereza toka mwanzo. Mwaka 1906 aliingia Cambridge lakini pesa hazikutosha, akaacha. Mwishowe alisoma Univasite ya Glasgow, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya meli, na mwaka 1911 alipata diploma ya elimu ya wanyama pamoja na ya jiolojia.

Njia aliyochagua kurudia nyumbani inaonyesha mtu alikuwa wa namna gani. Angeweza kushuka Shanghai moja kwa moja kwa meli. Badala yake alishukia Haiphong, Vietnam, akapanda gari la moshi la Wafaransa, reli iliyofika Kunming mwaka 1910, halafu akaendelea kwa miguu kupitia Yunnan, Guizhou na Hunan. Alivaa kanzu ndefu na kujifunga msuko wa nywele wa bandia, maana sheria ya mfalme bado iliwataka wanaume wote wasuke nywele, na yeye alikuwa amekata zake. Alibeba vyombo vya kupimia. Siku chache tu baada ya kuanza safari aligundua jambo lililomshangaza: ramani zote za China zilizokuwa zinauzwa zilikuwa nakala ya ramani iliyopimwa na mapadri wa Kijesuiti miaka 200 iliyopita. Barabara kubwa kati ya Yunnan na Guizhou, iliyopitwa na maelfu ya watu kila mwaka, ilichorwa mahali isipokuwepo. Hakuna aliyekuwa ameenda kuangalia.

Hapo ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza. Wageni walikuwa wameenda kuangalia mambo mengine. Mjerumani Ferdinand von Richthofen alitembea China kati ya 1868 na 1872, akaandika vitabu vikubwa juu ya makaa na chuma cha majimbo, na maandishi yake yaliwafaa wakubwa wa Berlin walipotaka bandari ya Qingdao, waliyoichukua mwaka 1897. Msomaji wa Kongo anaijua hadithi ya namna hiyo. Mbelgiji Jules Cornet alipita Katanga mwaka 1892 na kuandika juu ya shaba yake, na miaka 14 baadaye, 1906, Union Minière ilizaliwa. Mpaka leo hifadhi kubwa ya karatasi za jiolojia za Kongo za wakati wa ukoloni iko Tervuren, Ubelgiji. Richthofen aliongeza maneno yaliyomuuma Ding zaidi: kwamba msomi wa Kichina hapendi kutembea wala kuchafua mikono, na kwa hiyo jiolojia haitakuwa kazi yake.

Mfalme aliangushwa mwanzoni mwa 1912 na China ikawa jamhuri. Mwaka 1913 Ding aliitwa Beijing kuongoza sehemu ya jiolojia katika wizara. Sehemu hiyo ilikuwa na jina, lakini haikuwa na wanajiolojia. Yeye na mwenzake Zhang Hongzhao walifungua shule. Univasite ya Beijing ilikuwa imefunga idara yake ya jiolojia kwa kukosa wanafunzi, basi wakaazima majumba na vitabu vyake. Mwalimu mwingine alikuwa Weng Wenhao, aliyepata udaktari wa jiolojia Leuven, Ubelgiji, mwaka 1912. Inafaa kusimama kidogo hapa: nchi hiyo hiyo iliyokuwa inatawala Kongo ilimpa Mchina udaktari wa mawe mwaka 1912, na Wakongo walingoja mpaka 1954 ili Lovanium ifungue milango Léopoldville. Shule ya Beijing ilitoa diploma kwa vijana 18 mwaka 1916. Walifundishwa sheria mbili ambazo Ding hakuzilegeza hata siku moja: mlima unapandwa mpaka kileleni, na safari ya kazi inafanywa kwa miguu. Kubebwa katika kiti na wapagazi, kama walivyofanya wakubwa wote wa wakati ule, kulikatazwa.

Yeye mwenyewe alianza kabla ya wanafunzi. Mwishoni mwa 1913 alikwenda Shanxi, jimbo ambalo vitabu vya Wazungu vililisifu kuwa na chuma cha ajabu. Alipima, akapima tena. Tabaka za chuma zilikuwa nyembamba, zimetawanyika, hazifai kiwanda kikubwa. Aliandika wazi kwamba chuma cha Shanxi ni jina tu. Watu wa serikali waliokuwa wanaota viwanda hawakufurahi. Nchi zenye madini zinaijua hatari hiyo: sifa ya utajiri ulio chini ya ardhi inakua yenyewe, kila mtu anaongeza sifuri yake, na anayeleta namba ya kweli anaonekana kama adui wa maendeleo.

Halafu ikaja safari ya Yunnan, iliyochukua mwaka mzima. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Gejiu.

Mji aliouona haukuwa na ziwa. Ulikuwa umebanwa bondeni, umejaa tanuru za kuyeyushia bati zilizotumia makaa ya miti, na milima ya karibu ilikuwa imevuliwa miti yake. Bati nyingi ya China ilitoka hapo. Ilisafirishwa na wanyama hadi kwenye reli ya Wafaransa, ikashuka Haiphong, ikaenda Hong Kong. Matajiri wa mji walivaa hariri. Mashimo yalikuwa juu milimani, na juu huko shida kubwa ilikuwa maji: mchanga wa bati unahitaji kuoshwa ili uachane na udongo, na maji ya mvua yalikusanywa katika mabwawa na kulindwa kama mali. Anayejua jinsi kasiteriti inavyooshwa mtoni Walikale ataelewa haraka. Tofauti ni kwamba Walikale maji ni mengi mno, yanafuata wachimbaji mpaka ndani ya mashimo na kuwafukuza.

Ding alikwenda na nyundo, dira na daftari, na kazi yake ya jiolojia aliifanya: bati iko katika jiwe gani, mishipa yake inaelekea wapi, inashuka kiasi gani. Lakini kuanzia hapo daftari likaanza kujaa mambo mengine. Wachimbaji na wabebaji waliitwa kwa jina moja, shading, yaani watu wa mchanga. Wengi walikuwa wanavijiji maskini kutoka wilaya za jirani, na kati yao walikuwemo wavulana. Mashimo yalichimbwa membamba na ya chini, maana mbao za kuzuia paa zilikuwa ghali na kila sentimita ya nafasi ilikuwa gharama. Mtu mzima hakuweza kusimama wima. Kwa hiyo mbebaji alipanda kutoka chini akiwa ameinama, mara nyingine akitambaa kabisa.

Jinsi alivyobeba, Ding aliieleza kama mtu anayechora. Mbebaji alikuwa na mfuko mrefu wa kitani wenye matumbo mawili, uliopita juu ya bega, tumbo moja mbele na jingine nyuma, na kila upande ulijazwa mchanga wa karibu kilo 15. Mkono wa kulia ulishika fimbo fupi ya kuegemea. Kichwani alifunga kitambaa cheupe. Upande wa kulia wa kitambaa kilichomekwa chuma chembamba kilichoning'iniza taa ya mafuta, torshi ya wakati huo. Upande wa kushoto kilichomekwa kipande kidogo cha mwanzi au cha mfupa. Kipande hicho kilikuwa cha kukwangua jasho. Mbebaji alipanda hatua moja na kuvuta pumzi, hatua kumi na kusimama. Jasho likimfunga macho, alichomoa ule mwanzi, akakwangua uso, akalimwaga chini, akapanda tena. Sauti ya pumzi yake ilisikika kutoka mbali kabla hajaonekana. Alipotoka mlangoni mwa shimo, uso wake haukuwa na damu hata kidogo na nguo zake zilikuwa zimelowa zote.

Uzito wa mbebaji wa Gejiu, kilo 30, ni mdogo kuliko ule wa Bisie. Lakini wa Gejiu ulipandishwa kutoka tumbo la mlima, ndani ya tundu ambalo mtu hawezi kunyosha mgongo, mara nyingi kwa siku. Wageni wengine walikuwa wamepita Gejiu kabla ya Ding na baada yake, wakaandika tani, asilimia na bei ya Hong Kong. Ule mwanzi wa kukwangulia jasho unajulikana leo kwa sababu yeye aliuona na kuuandika.

Hata hivyo hakuweza kuwabadilishia maisha. Alikuwa mtumishi wa serikali dhaifu. Yunnan ilikuwa mikononi mwa majenerali wake, na mashimo yalikuwa ya matajiri wa mahali. Aliandika ripoti, akaendelea na safari kwenda kwenye shaba ya Dongchuan na milima ya mpakani mwa Sichuan, akapanda vilele vya zaidi ya mita 4,000, akarudi Beijing mwanzoni mwa 1915. Habari za wabebaji aliwaletea wasomaji wa kawaida baadaye sana, miaka ya 1930, alipoandika kumbukumbu za safari zake katika jarida la kila wiki alilolianzisha pamoja na rafiki yake Hu Shi. Miaka karibu 20 ilikuwa imepita na mashimo yalikuwa bado vile vile. Baada ya 1949 serikali mpya ilichukua machimbo, ikaleta mashine, na wavulana wakatolewa chini. Ila vumbi halikuondoka upesi. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari waliowapima wachimbaji wa Gejiu walikuta saratani ya mapafu kwa kiwango cha kutisha, hasa kwa wazee walioingia mashimoni wakiwa watoto. Waliona sababu katika gesi ya radoni inayotoka kwenye miamba, vumbi lenye aseniki, na tumbaku. Wale wavulana wa daftari la Ding walikuwa wa kizazi cha kabla yao. Hao hakuna aliyewapima.

Mwaka 1916 Idara ya Jiolojia ya China ilisimama rasmi, Ding akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Pesa zilikuwa chache kiasi cha aibu, lakini wanafunzi wake walitoka kila mwaka na kurudi na ramani. Mwaka 1919 alikwenda Ulaya na ujumbe wa msomi Liang Qichao, wakati wa mkutano wa amani wa Paris, kisha akapitia Marekani na kumshawishi Amadeus Grabau, bingwa wa visukuku, aje kufundisha Beijing. Grabau alikuja mwaka 1920 na hakuondoka tena mpaka kifo. Baadaye, mifupa ya binadamu wa kale ilipopatikana Zhoukoudian karibu na Beijing, utafiti wake uliwekwa chini ya idara hiyo hiyo, na jina la Ding likawa juu ya maabara kwa heshima.

Mwaka 1921 aliacha kiti cha mkurugenzi. Sababu ilikuwa ya nyumbani kabisa: mshahara wa serikali haukutosha kuwalipia wadogo zake shule. Alimwachia Weng Wenhao kazi, akawa meneja wa mgodi wa makaa ya mawe wa Beipiao, kaskazini-mashariki, na kwa miaka minne aliuendesha vizuri. Mwaka 1923 aliingia katika mabishano makubwa ya magazeti juu ya kama sayansi inaweza kumwongoza mtu katika maisha. Yeye alisema ndiyo, kwa ukali uliowaudhi wengi.

Halafu alifanya jambo ambalo mpaka leo linawagawa wanaomheshimu. Mwaka 1926 alikubali kuongoza mji wa Shanghai chini ya Sun Chuanfang, mmoja wa wababe wa vita waliokuwa wanagawana China. Ding aliamini kwamba mtu msafi akishika ofisi, hata chini ya mtu wa bunduki, raia watapata nafuu. Kuna alichopata. Aliongoza mazungumzo yaliyorudisha kwa Wachina mahakama ya Shanghai iliyokuwa chini ya mabalozi wa kigeni, na mapatano yakaanza kazi mwanzoni mwa 1927. Lakini jeshi la Chiang Kai-shek lilikuwa linapanda kutoka kusini, Sun alishindwa, na Ding aliacha kazi mwishoni mwa 1926 akiwa na jina lenye doa kwa watawala wapya. Watu wa Kivu, ambao wameona ofisi ngapi zikishikwa kwa jina la bunduki gani, wanaweza kupima wenyewe. Jambo moja adui zake hawakuweza kulisema: kwamba aliiba. Alitoka kwenye ofisi iliyoshika mapato ya mji tajiri kuliko yote ya China akiwa hana kitu, akahamia Dalian na mke wake, na rafiki mmoja mfanyabiashara ndiye aliyemtumia pesa za kuishi.

Katika miezi hiyo ya ukimya alimaliza kazi aliyokuwa ameianza zamani: kuchapisha upya, pamoja na ramani, safari za Xu Xiake, Mchina wa karne ya 17 aliyetembea milima ya Yunnan kwa miguu. Kilitoka mwaka 1928. Kwa Ding kilikuwa pia jibu kwa Richthofen, maana msomi wa Kichina anayependa kutembea alikuwepo miaka karibu 250 kabla ya Mjerumani kufika.

Mwaka 1929 alirudi milimani na msafara mkubwa wa kusini-magharibi. Aliwagawa wanajiolojia katika njia mbalimbali. Njia moja alipewa Zhao Yazeng, kijana aliyetegemewa kuliko wote, pamoja na mwenzake Huang Jiqing. Mwezi wa 11, Zhao alikuwa amefika wilaya ya Zhaotong, kaskazini mwa Yunnan, ambako majambazi walivamia nyumba ya wageni alimolala na kumwua. Alikuwa na miaka 31. Habari ilimfikia Ding akiwa Guizhou. Walioshuhudia walisema alilia siku nyingi, na wengi walidhani safari ingevunjwa. Alimwagiza Huang aendelee na njia aliyopewa, naye akaendelea na yake. Aliporudi alitafuta pesa za mjane, na mtoto wa marehemu alimtunza kama wake, kwa kuwa yeye na mke wake hawakujaliwa mtoto. Katika nchi yenye makundi ya silaha, anayetembea na nyundo na vyombo vya kupimia anaonekana kama mtu anayejua dhahabu iko wapi. Zhao alikufa katika kazi ya kupima mawe ya nchi yake, na hakuwa wa mwisho kati ya wanajiolojia wa China kufa hivyo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya matunda. Ding alifundisha Univasite ya Beijing kuanzia 1931. Mwaka 1933 alihudhuria kongamano la wanajiolojia wa dunia huko Washington, akarudi kupitia Muungano wa Kisovyeti ili kuona mambo kwa macho yake. Mwaka 1934 yeye, Weng Wenhao na Zeng Shiying walitoa atlasi mpya ya China iliyofuta makosa aliyoyaona barabarani miaka 23 kabla. Mwaka huo huo aliitwa kuwa katibu mkuu wa Academia Sinica, taasisi kuu ya utafiti ya nchi. Katika safari zake alikusanya pia maandishi ya kabila la Wayi wa Yunnan na Guizhou, ambao wana herufi zao wenyewe, na kwa msaada wa mzee mmoja wa Kiyi akatayarisha kitabu chake. Hicho kilitoka baada ya yeye kufa.

Kifo kilimkuta kazini. Japani ilikuwa imechukua Manchuria mwaka 1931, na kila mtu aliona vita vikubwa vinakuja. Reli ya kutoka Guangzhou kwenda Hankou ilikuwa karibu kumalizika na ilihitaji makaa ya mawe yaliyo karibu nayo. Mwezi wa 12 mwaka 1935 Ding alikwenda Hunan kuyatafuta. Tarehe 7 alishuka mgodi wa Tanjiashan, wilaya ya Xiangtan. Alikuwa na miaka 48, na wenyeji wake walimwambia hakuna haja ya kuingia mwenyewe. Aliingia. Ndani kulikuwa na joto kali na mteremko mkali, akatoka amelowa jasho na kukutana na upepo wa baridi. Usiku uliofuata alilala Hengyang, katika nyumba ya wageni ya watu wa reli. Ilikuwa baridi, madirisha yakafungwa, na ndani ya chumba liliwashwa jiko la makaa. Upepo ulirudisha moshi ndani. Asubuhi ya tarehe 9 alikutwa hana fahamu.

Waliojaribu kumrudishia pumzi walimkandamiza kifua kwa nguvu mpaka ubavu ukavunjika, na hakuna aliyegundua mapema. Alihamishiwa hospitali Changsha, akapata nafuu, akaongea na wageni. Halafu usaha ulijaa kifuani. Alikufa tarehe 5 mwezi wa kwanza 1936.

Mwanzoni mwa 1935, akiwa mzima kabisa, alikuwa ameandika wasia. Aliagiza azikwe mahali popote atakapofia, bila kurudishwa kwao, na eneo la kaburi lisizidi nusu ya mu moja, kipimo cha Kichina ambacho ni kama mita za mraba 330. Kwa hiyo hakurudishwa Jiangsu wala Beijing. Alizikwa kwenye mlima wa Yuelu, upande wa pili wa mto kutoka Changsha.